Rejeta inavuja: uizibe au ununue nyingine?

Ukikuta kidimbwi cha maji yenye rangi chini ya gari asubuhi, swali linalotangulia mdomoni ni la bei: kuziba ni kiasi gani, mpya ni kiasi gani? Naomba ulisogeze kando kidogo. Nimehangaika na magari yangu na ya ndugu zangu kwa miaka mingi, na siku hizi swali langu la kwanza ni lingine: rejeta hii inavuja kwa sababu imejeruhiwa, au kwa sababu imezeeka?

Rejeta changa iliyotobolewa na jiwe ni kama mtu mwenye jeraha. Ukilifunga vizuri, anapona. Rejeta ambayo plastiki yake imekauka ikapasuka yenyewe haina jeraha la kufunga; ukiziba ufa wa leo, wa mwezi ujao umeshaanza. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuwa na kidimbwi cha ukubwa uleule chini ya magari yao, mmoja akaambiwa azibe na mwingine akaambiwa anunue, na wote wawili wakawa wameshauriwa vizuri.

Je, ni rejeta kweli?

Inauma kuona mtu amebadilisha rejeta, amelipa, na kesho yake maji bado yanadondoka. Mfumo wa kupoza injini una njia nyingi za kuvuja: mipira ya juu na ya chini, klipu zilizolegea, gasketi ya themostati, kifuniko cha rejeta chenye mpira uliochoka. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shafti yake, kimewekwa makusudi ili sili ikianza kuchoka maji yatokeze nje badala ya kuingia kwenye beringi. Maji yakitoka hapo feni inaweza kuyarusha huku na huko, rejeta ikaloa, na macho yakaihukumu yenyewe. Zulia la mbele likiloa na vioo vikapata ukungu wenye harufu tamu, kinachovuja ni rejeta ndogo ya hita iliyofichwa nyuma ya dashibodi.

Halafu kuna maji yanayopungua bila tone kuonekana chini. Hapo fikiria gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Dalili zake ni moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, na mapovu yanayopanda mfululizo pale unapowasha injini ya baridi rejeta ikiwa wazi. Hakuna rejeta mpya itakayoponya hilo.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni pampu ya presha. Injini ikiwa baridi, kifuniko hutolewa, pampu hufungwa mahali pake, kisha presha hupandishwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko. Kwa magari mengi madogo namba hiyo ni 0.9 au 1.1, yaani karibu mara moja ya mgandamizo wa kawaida wa hewa. Subiri robo saa. Mshale ukishuka, chukua tochi utafute. Ni vizuri kupima gari likiwa limelala usiku kucha, maana plastiki na alumini hazitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja, na kuna mivujo inayojitokeza kwenye baridi tu kisha ikajifunga injini ikipata moto. Fundi akisema "badilisha rejeta" kabla ya kupima presha, mwombe kwa heshima apime kwanza.

Na usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Maji yaliyomo yanaweza kuwa juu ya nyuzijoto 100 na yakabaki maji kwa sababu ya presha tu. Presha ikiondoka ghafla, hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Shaba, alumini na plastiki

Rejeta za zamani, pamoja na za baadhi ya malori na matrekta, ni za shaba mwanzo hadi mwisho: mirija ya shaba, matangi ya shaba, na maungio yaliyoshikwa kwa lehemu ya risasi na bati. Lehemu ya namna hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183, ilhali shaba nyekundu huhitaji zaidi ya 1,000. Kati ya namba hizo mbili fundi ana uwanja mpana wa kufanyia kazi. Anaweza kupasha moto ungio, kung'oa tangi, kupitisha fito nyembamba kwenye mirija iliyozibwa na kutu na chumvi, kuziba mrija uliooza, kisha kurudisha tangi na kulehemu upya. Akimaliza, rejeta imeungwa kwa njia ileile iliyoungwa kiwandani. Hicho si kiraka, ni matengenezo kamili.

Kuanzia miaka ya 1980 magari mengi ya abiria yalihamia kwenye rejeta ya alumini yenye matangi ya plastiki. Plastiki hiyo ni nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo. Tangi hukaa juu ya gasketi ya mpira, na meno ya alumini hukunjwa kuzunguka ukingo wake ili kulishikilia. Mirija na mapezi (vibati vyembamba vinavyotawanya joto kwenye hewa) huungwa pamoja ndani ya tanuri lenye nyuzijoto 600 hivi, na alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660. Ona uwanja ulivyobana. Kiwandani joto la tanuri hudhibitiwa kwa makini. Fundi mwenye tochi ya gesi anabahatisha kwa macho, na alumini haibadiliki rangi kumwonya kwamba inakaribia kuyeyuka. Juu ya hapo, alumini hujivika ngozi ya oksidi mara tu unapoikwangua, na ngozi hiyo haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzijoto 2,000. Ukuta wa mrija wenyewe haufiki nusu milimita. Moto ukiwa mdogo lehemu haishiki. Ukizidi kidogo, mrija unatoweka mbele ya macho yako.

Kwa hiyo fundi aliyeziba rejeta za shaba maisha yake yote anaweza kushindwa na ya alumini, na isiwe kwa kukosa ujuzi. Ni metali nyingine yenye tabia nyingine.

Kuzitofautisha si kazi. Tangi jeusi la plastiki lenye mstari wa meno ya metali kuzunguka ukingo wake ni la rejeta ya alumini. Tangi la metali lililopakwa rangi nyeusi, kwenye rejeta nzito, ambalo ukilikwangua kidogo pembeni linaonyesha njano au nyekundu, ni la shaba. Ipo na ya tatu, alumini tupu pamoja na matangi yake, inayopendwa kwenye magari ya mashindano. Matangi hayo ni manene kiasi cha kuchomelewa kwa TIG (uchomeleaji wa umeme wenye gesi ya kukinga) na mtu anayeijua alumini, ingawa mirija yake ni laini kama ya zile nyingine.

Kuhusu shaba msimamo wangu ni mmoja: ziba. Kinachoweza kunigeuza ni mapezi. Ukiyagusa kwa kidole yakamomonyoka kama majivu, hayapeleki tena joto kwenye hewa, na gari litachemsha hata kama halivuji tone. Hata hapo inawezekana kubadilisha kiini cha katikati, yaani mirija na mapezi yake, peke yake, matangi ya zamani yakabaki. Kwa rejeta ya alumini na plastiki, huwezi kuamua mpaka ujue panapovuja.

Panapovuja

Plagi ya chini ya kumwagia maji isikusumbue. Oringi yake (kipete cha mpira) ikikauka hudondosha polepole. Badilisha oringi au plagi, yameisha.

Shimo moja katikati ya kiini, upande wa mbele, mahali jiwe lilipogonga: hili ndilo jeraha lenyewe. Rejeta ikiwa na miaka michache, na mirija mingine ikiwa mikavu na misafi, inazibika. Mapezi yanayozunguka shimo hukatwa kwa uangalifu, mrija husafishwa hadi ung'ae, kisha epoksi ya metali (gundi inayokauka ikawa ngumu) inayostahimili joto hupakwa na kuachwa ikauke kwa muda wote ulioandikwa kwenye pakiti, si nusu saa kwa sababu mwenye gari ana haraka. Njia nyingine ni kuubana mrija huo juu na chini ya shimo usipitishe maji tena. Rejeta yenye mirija 40 ikipoteza mmoja imepoteza asilimia 2.5 ya njia zake, na injini nzima haitahisi. Ikipoteza mitano, utahisi siku ya kupanda mlima gari likiwa limejaa watu na kiyoyozi kinafanya kazi.

Mirija inayotoka jasho sehemu nyingi, yenye ukoko mweupe au wa kijani kwenye maungio, ni habari nyingine kabisa. Hiyo inaliwa kutoka ndani. Chanzo huwa ni maji ya bomba yenye madini yaliyojazwa kwa miaka, au kulanti (maji yenye dawa ya kupozea injini) iliyopitwa na wakati ikapoteza dawa zake za kuzuia kutu, au umeme unaopotea ndani ya maji, ambao nitaueleza mbele. Ukiziba tundu moja hapo, jirani yake anasubiri zamu. Nunua nyingine.

Ufa kwenye tangi la plastiki hupenda kuanzia shingoni, pale mpira wa juu unapoingia, kwa sababu kwa kawaida maji yanayotoka moja kwa moja kwenye injini yanapita hapo. Tazama rangi. Plastiki iliyokuwa nyeusi ikigeuka kahawia au kijivu, na ukiikwaruza kwa kucha ikatoa unga, huo ni uzee. Wakati mwingine shingo nzima hubaki mkononi mwa fundi anapovuta mpira. Hapa sizunguki: usizibe.

Umebaki mshono kati ya tangi na kiini, ambao ndio unaonipa shida zaidi kuuamua. Gasketi imebonyea ikachoka, plastiki huenda bado ni nzima. Meno yanaweza kufunguliwa, gasketi mpya ikawekwa, meno yakakunjwa tena. Nimeshuhudia ikifanyika vizuri, kwa koleo maalumu na mkono mtulivu. Lakini meno ya alumini hayapendi kukunjwa mara ya pili. Machache hukatika, na kila linalokatika linaacha mlango. Ningekubali matengenezo haya kwa rejeta adimu au ya gari ambalo spea zake hazipatikani, plastiki ikiwa bado nyeusi na ngumu, na kwa sharti kwamba ipimwe presha kabla ya kurudishwa kwenye gari. Kwa gari la kawaida lenye rejeta tele sokoni, singepoteza siku nzima hapo.

Kama gari ni otomatiki

Magari mengi ya giaboksi otomatiki hupoza oili ya giaboksi ndani ya tangi la rejeta. Utaona mabomba mawili membamba yakiingia kwenye tangi la chini au la pembeni. Ndani humo ukuta mwembamba tu ndio unaotenganisha oili na maji. Ukipasuka, huenda usione tone hata moja chini ya gari: maji yanaingia kwenye giaboksi na oili inaingia kwenye rejeta. Kwenye chupa ya akiba ya maji utakuta ute wa rangi ya waridi, na kijiti cha kupimia oili ya giaboksi kitatoka na povu. Diski za msuguano ndani ya giaboksi zimebandikwa utando wake kwa gundi, na maji huibandua gundi hiyo. Gari linaanza kutetemeka, baadaye linakataa kushika gia.

Pathfinder, Xterra na Frontier za Nissan za kati ya 2005 na 2010 zilijulikana mno kwa hitilafu hiyo, hadi wamiliki nchini Marekani wakaungana kwenda mahakamani na dhamana ya rejeta ikaongezwa muda. Giaboksi ni kitu cha gharama kubwa kuliko rejeta kwa mbali sana.

Rejeta iliyopasuka ndani namna hii haizibwi na mtu yeyote. Usiliendeshe gari, livutwe. Na mimi naenda hatua moja zaidi: gari likiwa otomatiki na rejeta imepita miaka kumi, hata ufa mdogo kwenye tangi la upande wa pili unanitosha kuibadilisha yote, kwa kuwa kipoza oili kilichomo ndani kina umri uleule na hakuna anayeweza kukiona.

Kiraka kikishindwa, kitashindwaje?

Swali hili nililijifunza kwa gharama. Niliwahi kuziba ufa wa shingo ya rejeta kwa epoksi. Niliikwangua plastiki ikawa na mikwaruzo, nikaisafisha, nikapaka vizuri, nikaiacha usiku kucha. Ilishika wiki tano bila tone. Siku moja kwenye mwinuko mrefu ikaachia yote kwa pamoja, shingo pamoja na epoksi yake. Mshale wa joto ulipanda, kisha ukashuka ghafla, nami nikashusha pumzi nikidhani hatari imepita. Kumbe sensa ilikuwa haina tena maji ya kupima. Ilikuwa inaning'inia kwenye mvuke na hewa. Niliendelea kilomita mbili. Silinda hedi ilipinda, gasketi ikaungua, na nililipa kazi ambayo ingenunua rejeta kadhaa mpya.

Tangu hapo nazigawa njia za kuziba kwa namna zinavyoshindwa. Lehemu kwenye shaba ikichoka huanza kwa jasho, kisha tone. Una siku au wiki za kuligundua. Mrija uliozibwa kwa epoksi nao kwa kawaida huanza kwa kutoa unyevu. Shingo ya plastiki na ufa mrefu wa tangi haviagi. Vinaachia presha inapofika juu kabisa, yaani injini inapofanya kazi ngumu na maji yanapohitajika zaidi. Kiraka kinachoshindwa polepole ninaweza kuishi nacho. Kinachoshindwa kwa mpigo mmoja sikitaki kwenye gari linalobeba watu wangu.

Dawa za kumimina zina nafasi yake, ila ni ndogo kuliko chupa zake zinavyodai. Ndani yake mna chembe, nyuzi au silikati zinazoganda pale maji yanapotokea nje. Kwa tundu la ukubwa wa ncha ya sindano mara nyingi zinafanya kazi. Tatizo ni kwamba dawa haitofautishi tundu na njia nyembamba. Mirija ya rejeta ya hita ni myembamba, mirija bapa ya rejeta kubwa nayo ni myembamba, na mfumo wenye uchafu wa zamani huziba haraka zaidi. Ute wa yai na pilipili manga, ambavyo madereva wengi wamevisikia, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo na kuacha uozo ndani ya mfumo. Uko barabarani usiku, mbali na msaada: mimina dawa, mshale wa joto macho yasiutoke, ufike. Ukishafika, rejeta itengenezwe kwa haki na mfumo wote usafishwe. Nimekuta magari ambayo dawa iliwekwa "kwa muda" na miaka miwili baadaye hita haitoi joto na gari linachemsha kwenye foleni.

Hesabu yenyewe

Wanaolinganisha bei hulinganisha vitu visivyo sawa. Ukitoa dawa za kumimina, karibu kila njia ya kuziba inadai rejeta itolewe kwenye gari. Kulanti inamwagwa, mipira inavuliwa, feni inatolewa, kwa magari mengine hata bampa inafunguliwa. Kazi hiyo unailipia ukiziba, unailipia ukinunua mpya, na ukiziba kisha kiraka kikafa unailipia mara ya pili pamoja na kulanti nyingine. Kwa hiyo unachookoa kwa kuziba ni tofauti ya spea peke yake. Kama tofauti hiyo ni ndogo, kiraka kinahitaji kudumu miaka ili kikulipe. Kama rejeta mpya inauzwa kwa bei ya kutisha au inaagizwa kutoka mbali kwa wiki sita, hesabu inageuka, na kumlipa fundi mzuri wa shaba au kumtafuta mtu wa TIG kunakuwa na maana.

Matumizi ya gari yanaingia pia. Gari linalozunguka kilomita chache karibu na nyumbani linaweza kusubiri na kiraka cha mrija ukilikagua kila asubuhi. Gari la safari ndefu, la milima, au la kuvuta tela, linataka rejeta isiyo na shaka. Gari unalotaka kuliuza ni lako kuamua, ila mnunuzi aambiwe kuna kiraka na kiko wapi.

Ukinunua, ununue ipi?

Rejeta ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la umri kama lako ina plastiki ya umri kama ya kwako. Inaweza kufaa ikitoka kwenye gari changa lililogongwa nyuma, lakini isinunuliwe bila kupimwa presha, na uchungulie ndani ya shingo: ukiona mirija imevaa ukoko, iache.

Kwenye mpya, beba ya zamani uende nayo. Linganisha unene wa kiini kwa rula. Kuna rejeta zinazoingia mahali palepale huku moja ikiwa na kiini cha milimita 16 na nyingine 26. Hesabu mirija. Angalia msongamano wa mapezi na ushike moja mkono huu na nyingine mkono ule. Iliyo nyepesi mno imepunguziwa kitu. Rejeta dhaifu haitavuja, itakusumbua kwa namna nyingine: gari litakuwa sawa kwenye safari nyepesi na litaanza kupanda joto injini inapofanya kazi ngumu, kama kwenye mlima au likiwa na mzigo. Hakikisha pia mabomba ya oili ya giaboksi yapo kama gari ni otomatiki. Rejeta ya otomatiki inaweza kutumika kwenye gari la gia za mkono, mabomba yake yakaachwa yamezibwa. Kinyume chake hakifai kama giaboksi haina kipoza kingine.

Yasiyoepukika kwa njia zote mbili

Rejeta iliyozibwa na rejeta mpya zote zitaharibika upesi kama chanzo kimeachwa. Umeme unaopotea ni chanzo ambacho wengi hawakifikirii: waya wa ethi wa injini (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) ukilegea au kifaa kikiunganishwa vibaya, umeme hutafuta njia kupitia kulanti na kuila alumini. Chukua voltimita, ncha hasi kwenye hasi ya betri, ncha chanya ndani ya maji ya rejeta bila kugusa metali, injini ikiwa inaunguruma na taa na feni zimewashwa. Kipimo kikiwa chini ya volti 0.1 ni kizuri. Kikipita 0.3, tafuta ethi mbovu kabla ya kufunga rejeta mpya, la sivyo utarudi dukani baada ya miezi.

Badilisha kifuniko. Ni kitu kidogo, na ndicho kinachotunza presha. Maji na kulanti ya ethilini glikoli nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzijoto 107 hivi bila presha, na karibu 129 kifuniko kikishikilia presha yake kamili. Kifuniko kilichochoka kinakunyang'anya nyuzijoto hizo zote ishirini na zaidi. Mipira iliyovimba au kupasuka ibadilishwe siku hiyohiyo, na themostati pia kama ina miaka mingi, maana kazi ya kuifikia imeshafanyika nusu.

Kulanti ifuate kitabu cha gari. Rangi isikuongoze, kwa kuwa watengenezaji hutumia rangi moja kwa michanganyiko tofauti, na michanganyiko isiyopatana inaweza kuganda. Kama kulanti si ile iliyochanganywa tayari, tumia maji yasiyo na madini. Ile ya zamani ikusanywe kwenye chombo chenye mfuniko: ethilini glikoli ni tamu mdomoni na ni sumu inayoua figo, na mbwa au mtoto akiikuta kwenye kidimbwi ataionja.

Mwisho hewa itolewe. Injini iwashwe ikiwa baridi, hita iwekwe kwenye joto la juu, mfumo ujazwe polepole, skrubu ya kutolea hewa ifunguliwe kama ipo, hadi mapovu yaishe na feni iwake na kuzima yenyewe. Gari likishapoa kabisa, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa ya akiba, usawa wa maji. Uangalie kila asubuhi kwa wiki ya kwanza kabla ya kuwasha injini. Siku ya kwanza au ya pili maji yakishuka kidogo, huenda ni hewa iliyobaki inatoka, jaza. Yakiendelea kushuka siku ya nne, rudisha gari kwa fundi, na mwambie aanze na pampu ya presha.